Hesabu ya Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, Kadutu. Umeme umekwenda zake tangu magharibi
na moyo wangu unabisha kama mtu anayedai deni.
Nani? nauliza.
Haujibu. Unabisha tu.

Nimelala na nguo za kazini, vumbi la sementi bado limo kwenye nyusi.
Siku ya tisa sasa mdogo wangu Mugisho hajapiga simu kutoka Kamituga,
na huko mvua imenyesha, wanasema,
na mashimo ya dhahabu hayana mzaha na mvua.
Basi kichwa changu kimepanda ngazi za mtaa huu,
mia moja na kitu,
kimeshuka, kimepanda tena, bila mimi.
Kimeshamzika. Kimeshamlilia. Kimekopa pesa ya jeneza
kwa Baba Cikuru, tena kwa riba.

Mimi ni mtunza depo. Magunia mia nne ya sementi,
misumari, mabati, rangi iliyoganda ambayo patroni hataki itupwe.
Siku hesabu ikikataa
sipigi kelele, wala sianzi kumshuku mlinzi.
Nachukua kalamu. Naanzia mlangoni.

Nikawasha tochi ya simu, chaji asilimia kumi na moja,
nikajikagua.

Umekula lini?
Nilifikiri sana. Chai ya rangi, asubuhi, na nusu andazi,
maana nusu nyingine alipewa Nsimire kwa kunitazama tu.
Tangu hapo hakijaingia kitu ila habari.
Maji? Sikumbuki.
Bido ya njano iko pale pale nilipoiweka, imejaa mpaka shingoni,
kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia keti.
Usingizi: juzi saa mbili, jana sijui.
Na mtu wa mwisho kunigusa ni muuza nyanya,
aliponirudishia chenji.

Ee! Depo gani hii.
Rafu tupu, na mlinzi anapuliza filimbi usiku kucha
akidhani wezi wameingia.
Kumbe ni njaa, inaita kwa sauti ya msiba.

Nikamimina maji. Yalikuwa na ladha ya plastiki.
Nikanywa kikombe, nikasimama, nikanywa cha pili
polepole, kama mtu anayesoma barua.
Makala yalibaki machache, nikayapanga kwenye babula,
nikapuliza; na kupuliza, ukiangalia vizuri, ni kupumua.
Bugali ya jana niliikata vipande nikavichoma mpaka vikafanya ganda.
Mabaki ya sombe yakachemka, sambaza sita ndani yake, macho wazi.

Ukuta wa mbao hauzuii harufu.
Mama Nankafu wa upande wa pili akakohoa, kisha:
"Wewe, nani amekufa?"
"Hakuna. Ninakula."
Kimya. Halafu kucha zake kwenye ubao:
"Nipitishie kidogo. Na mimi silali."

Tukala hivyo, ukuta katikati yetu,
sahani ikipita juu, pale mbao zilipoishia kabla ya bati.
Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa vya moto.
Hakuuliza habari za Kamituga. Alisema chumvi imepungua.
Nikacheka;
nilikuwa nimesahau kwamba kifua kinafanya na kazi hiyo.

Sidanganyi. Hofu haikuondoka.
Ilivuta kigoda ikakaa, kama mtu mzima.
Simu ya Mugisho bado imezimwa.
Lakini yule niliyemzika mara tatu usiku huu
nilimfukua, nikampangusa matope,
nikamrudisha kwenye safu ya "haijulikani",
ambayo ni safu halali, kila daftari inayo.

Nikavua nguo za kazi. Nikanawa nyusi, nikanawa miguu.
Kukipambazuka nitashuka kwa madereva wa malori,
nimwulize mmoja mmoja, kwa jina na kwa kovu la kidevuni.
Kwanza lala.
Niliandika hivyo nyuma ya risiti, kwa kalamu ya depo:
kwanza lala,
na herufi zilikaa kwenye mstari.